Kunduchi na Njia ya Bagamoyo

Mwaka 1891 serikali ya Wadachi ilihamisha makao yake makuu kutoka Bagamoyo ikayapeleka Dar es Salaam. Sababu kubwa ilikuwa bandari. Pwani ya Bagamoyo ina maji machache. Majahazi yaliyozoea kukaa juu ya mchanga maji yanapokupwa hayakuona taabu, lakini meli za moshi zililazimika kutia nanga mbali, na shehena zake zikaletwa nchi kavu kwa mashua. Dar es Salaam ilikuwa na mlango mwembamba na maji ya kina ndani yake, jambo ambalo Sultani Majid bin Said wa Unguja alikwisha kuliona katika miaka ya 1860, alipoanza kujenga karibu na kijiji cha Mzizima. Mwaka 1905 reli ya kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam. Ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Misafara ya wapagazi iliyokuwa ikiteremka Bagamoyo kutoka bara ilikosa kazi. Tangu hapo, kila aliyeandika juu ya pwani iliyo kaskazini ya Dar es Salaam ameandika kwa sauti ya mtu aliyekwenda matangani: magofu, makaburi, milango iliyochongwa, na mji uliokimbiwa na wakati.

Sauti hiyo haifai tena. Kati ya miji hii miwili kuna mwendo wa kilomita sabini hivi, na katika mwendo huo jambo limetendeka ambalo halina mfano katika historia ya mrima. Mji uliompokonya Bagamoyo ukubwa wake umekuwa ukimrudia, kiwanja baada ya kiwanja, kwa kufuata barabara. Msasani umemezwa, Mbezi umemezwa, Kunduchi na Tegeta vimemezwa. Boko na Bunju vimo kinywani. Na Mapinga, Kerege na Zinga, ambavyo ni vijiji vya Bagamoyo, vimekwisha kupimwa kwa macho ya madalali. Katika insha hii nakusudia kuueleza mwendo huo, na nitakaa Kunduchi zaidi kuliko pengine, kwa sababu pale yote yanaonekana kwa pamoja: ukale, jiwe, mchanga, maji, na watu waliokuwa wenyeji wakageuka kuwa majirani.

Kwanza yafaa tulitazame neno lenyewe. Kunduchi leo huitwa kitongoji cha Dar es Salaam, na kwa hesabu za serikali ndivyo ilivyo. Lakini kitongoji kwa kawaida huzaliwa na mji wake, na Kunduchi imemzidi mji wake umri. Yapo pale magofu ya msikiti, na makaburi ya mawe yenye nguzo yaliyopambwa kwa mabakuli ya kaure ya Kichina, mengi yake yakiwa ya karne ya kumi na nane; wakati huo mahali pa Dar es Salaam hapakuwa na mji wa jina hilo. Wenye makaburi hayo walikuwa wa jamaa ya Washomvi, watu wa madiwani, ambao miji yao midogo ilijipanga pwani kutoka Kaole na Bagamoyo hadi Mzizima. Walivua, walichemsha chumvi, walifanya biashara, na waliishi kwa mapatano na Wazaramo wa bara. Mapokeo ya mrima husema kwamba Washomvi walisaidiwa na Pazi, mkuu wa Wazaramo, wakati wa vita na Wakamba, na malipo yake yakawa ada iliyojulikana kwa jina la kanda la Pazi. Natia mapokeo haya hapa kwa sababu moja tu: yanaonyesha kwamba ardhi ile haikuwa nchi tupu. Ilikuwa na wenyewe, na haki ya kukaa juu yake ilikwisha kugombewa, kulipiwa na kuandikwa katika kumbukumbu za watu zamani kabla ya mpimaji wa kwanza kupigilia jiwe la mpaka.

Sheria iliyokuja baadaye haikuziona haki hizo kwa jicho hilo. Amri ya Ardhi ya mwaka 1923, iliyowekwa na Waingereza, iliifanya ardhi yote ya Tanganyika kuwa ardhi ya umma chini ya mamlaka ya Gavana. Mwaka 1928 ikarekebishwa ili mwenyeji anayekaa kwa desturi za kabila lake ahesabiwe naye kuwa ana haki ya kukaa. Haki hiyo ilikuwa kama kivuli cha mnazi: ipo, mtu hupumzika chini yake, lakini hawezi kuikunja akaipeleka benki. Na ilipotokea kwamba serikali yataka mahali, fidia ililipwa kwa kilichopandwa au kilichojengwa juu ya ardhi, wala si kwa ardhi yenyewe. Mnazi ulikuwa na bei, mwembe ulikuwa na bei, na kibanda kilikuwa na bei. Udongo ulioishika mizizi yake haukuwa na bei. Namwomba msomaji alikumbuke jambo hili, maana ndilo fundo la kisa chote tangu hapa mpaka mwisho wa karne.

Mji wenyewe ulikwisha gawanywa. Wadachi walianza kwa amri ya majengo ya mwaka 1891, na Waingereza wakaendelea kwa mafungu matatu ambayo watu waliyapa majina mepesi: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Tofauti ilitajwa kuwa ni ya aina ya nyumba, lakini kila mtu aliijua kuwa ni ya rangi ya mwenye nyumba. Kati ya vita viwili vikuu daraja la Selander liliuvuka mdomo wa Msimbazi, na ng'ambo yake pakafunguliwa Oyster Bay kwa ajili ya Wazungu waliotaka upepo wa bahari. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya mji kuelekea kaskazini. Msasani, kijiji cha wavuvi chenye makaburi yake ya kale, kikajikuta jirani wa majumba yenye bustani. Mji ulipokwenda kaskazini ulikwenda kwa ajili ya wenye nafasi, na tabia hiyo haijautoka hata leo.

Hesabu za watu zaeleza kwa nini mji haukuweza kutulia. Mwaka 1957 Dar es Salaam ilikuwa na watu 128,742. Mwaka 1967 walipita 270,000. Mwaka 1978, ingawa mipaka ya hesabu haikuwa ile ile, mkoa ulikuwa na watu 843,090, na mwaka 1988 watu 1,360,850. Mtu aliyezaliwa Kariakoo mwaka 1957 alipofikisha miaka ishirini na mmoja aliuona mji wake umezidi mara sita. Hakuna halmashauri ya mji, tajiri au maskini, ambayo ingeweza kuwapokea watu kwa mwendo huo bila ya kushindwa mahali. Dar es Salaam ilikuwa manispaa tangu mwaka 1949, na mwaka 1960 ikampata meya wake wa kwanza Mwafrika, Sheikh Amri Abedi, yule yule aliyewafunza wengi wetu sheria za kutunga mashairi. Nimefikiri mara nyingi kwamba mtu aliyezoea kupima mizani na vina alipewa mji usiokubali kupimwa.

Baada ya Uhuru serikali iliunda Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1962, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kubomoa nyumba mbovu na kujenga nzuri mahali pake. Kazi hiyo ilifanywa Magomeni na kwingine karibu na kati ya mji, haikufika Kunduchi. Kilichoileta njia ya Bagamoyo katika maisha ya mji si nyumba bali ni taasisi. Kambi ya askari ya Colito, ambayo maasi ya Januari 1964 yaliifanya ijulikane na ambayo leo ni Lugalo, ilikuwa kando ya barabara hiyo. Mwaka huo huo wa 1964 Chuo Kikuu kilihamia Mlimani. Na mwaka 1966 kiwanda cha saruji kikaanza kazi katika kilima cha Wazo, nyuma ya Tegeta na Kunduchi.

Hapa pana jambo linalonivutia kama mtu wa historia. Kilima cha Wazo ni chokaa, jiwe lililofanywa na matumbawe wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo. Wazee wa Kunduchi waliyajua matumbawe hayo. Waliyachonga, wakayachoma tanurini kupata chokaa, wakajengea msikiti na makaburi yao. Jiwe ni lile lile. Lakini lililokuwa likichomwa kwa magogo ya mikoko ili kumstahi diwani mmoja aliyekufa, sasa lilisagwa kwa mashine na kupakiwa katika mifuko ili kuujenga mji wa watu laki kadhaa. Ajira ya kiwanda ililetea Tegeta na Wazo wakazi wao wa kwanza wa mshahara. Kando yake, Kunduchi Mtongani na Boko, palifunguliwa machimbo ya mawe, na kazi ya kuyapasua mawe hayo kwa nyundo kuwa kokoto iliangukia mikononi mwa wanawake wengi. Nyumba za mji huu zimesimama juu ya mikono hiyo, na sijaona bado mwandishi aliyewapa kurasa wanazostahili.

Wakati huo huo siasa ilibadilika. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Sheria ya mwaka 1971 iliyachukua majengo yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000 yaliyokuwa yakipangishwa. Mwaka uliofuata serikali za mitaa katika miji zilivunjwa, na Dar es Salaam ikakaa bila halmashauri yake mpaka mwaka 1978. Sitaki kuliingilia hapa shauri la kama sheria hizo zilikuwa njema au mbaya; zilikuwa na nia yake, na nia hiyo niliiheshimu na naiheshimu. Nasema tu kilichotokea. Tajiri hakujenga ghorofa za kupangisha, halmashauri haikuwapo ili ijenge mitaro na njia, na watu wakazidi kuja. Mwanya huo ulizibwa na watu wa kawaida, kila mmoja kwa nyumba yake, mahali popote alipopata shamba la kununua kwa mwenyeji. Manzese ilijengwa hivyo. Mwaka 1974 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilianza mradi wa viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni: mtu apewe kiwanja kilichopimwa, chenye njia na maji, ajijengee mwenyewe. Ulikuwa mradi wenye akili. Lakini viwanja vilivyokusudiwa wenye kipato kidogo vilikuwa na thamani kubwa kuliko kipato chao, na chenye thamani hakikai sana mkononi mwa mhitaji. Sinza ya leo haijengwi na watu waliokusudiwa.

Ramani hazikukosekana. Mwaka 1949 kampuni ya Sir Alexander Gibb ilichora mpango mkuu wa mji. Mwaka 1968 wakaja wataalamu kutoka Toronto, na mwaka 1979 wengine tena kutoka Kanada. Mji ulikua bila ya kuzisoma. Ulikua kama nyota yenye miali minne, kwa kuzifuata barabara za Kilwa, Pugu, Morogoro na Bagamoyo, kwa sababu mahali penye barabara ndipo penye basi, na mahali penye basi ndipo mtu anapoweza kulala na asubuhi akafika kazini. Mpangaji huchora duara, lakini mfanyakazi huhesabu nauli.

Mwali wa Bagamoyo ulikuwa na sifa zaidi ya mingine mitatu, nayo ni bahari. Mwishoni mwa miaka ya sitini na mwanzoni mwa sabini hoteli za watalii zilijengwa katika ufuko wa Kunduchi na Mbezi, na pamoja nazo likaja neno geni. Ninalikumbusha kwa kuwa mimi ni mwalimu wa lugha na siwezi kulipita. Mbezi iligawanyika kuwa Mbezi tu, na Mbezi Beach. Kadhalika Kunduchi Beach, Bahari Beach na Jangwani Beach. Kiswahili kina pwani, kina ufuko, kina fukwe. Lakini neno la Kiingereza katika jina la mahali halikuwekwa kueleza kwamba pana bahari, maana Bahari Beach limeisema bahari mara mbili. Limewekwa kueleza bei.

Mbezi Beach ilipimwa na kugawiwa hasa katika miaka ya themanini, miaka ambayo mshahara wa mtumishi haukutosha mwezi na shilingi ilikuwa ikishuka. Mtu angedhani huo si wakati wa kujenga. Ulikuwa ndio wakati wenyewe. Fedha iliyowekwa benki iliyeyuka. Iliyogeuzwa kuwa tofali ilibaki tofali. Mtumishi alinunua mifuko ya saruji alipoipata, akafyatua tofali, akapandisha ukuta mpaka kwenye lenta, akaacha. Mwaka wa tatu akaezeka vyumba viwili, akahamia. Ndiyo maana mitaa yetu imejaa mapagala. Mgeni huyatazama akadhani ni alama ya umaskini au ya uvivu, kumbe ni daftari la akiba la mwenyewe, limesimama wima. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lilipoondoa katazo la viongozi kuwa na nyumba za kupangisha, mengi ya mapagala hayo yalipata paa kwa haraka ya kushangaza.

Na wenyeji? Hapa twarudi kwenye fundo nililoomba likumbukwe. Eneo lilipotangazwa kuwa la mipango miji, mwenye shamba la minazi alithaminiwa miti yake, akalipwa, akaondoka. Na kiwanja kile kile, miti ikiwa imekatwa, kikawa na bei ya kuwa kiwanja. Tofauti ya bei hizo mbili ndiyo hadithi ya pwani ya kaskazini. Malalamiko ya namna hii, ya wenye ardhi kwa desturi kupoteza ardhi zao pembezoni mwa miji, yalikuwa miongoni mwa yaliyosikilizwa na Tume ya Rais iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji, iliyoanza kazi mwaka 1991 na kutoa taarifa mwaka 1992. Sheria za Ardhi za mwaka 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001, zikakiri mwishowe kwamba ardhi tupu ina thamani na kwamba thamani hiyo ilipwe. Kwa Mbezi na sehemu kubwa ya Kunduchi sheria ilifika baada ya wageni. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo ilitungwa kwa mgeni anayekuja na zawadi, siyo anayekuja na hati.

Nisieleweke kwamba wenyeji wote walionewa na wageni wote walikuwa waporaji. Wengi waliuza kwa hiari, mbele ya mashahidi, kwa bei waliyoiona njema siku ile. Wengine waliuza robo, wakajenga nyumba ya mabati kwa fedha yake, wakakaa. Waliobaki Kunduchi kijijini, karibu na mahali wanapoegesha ngalawa, wamebaki kwa sababu kazi yao iko baharini na bahari haigawiwi viwanja. Lakini hata bahari ilifikiwa na ujenzi, kwa njia ambayo hakuna aliyeitazamia.

Nyumba ya saruji hula mchanga. Mfuko mmoja wa saruji wataka mchanga mara kadhaa ya ujazo wake, na mchanga ulio karibu ulikuwa katika vitanda vya mito mifupi inayoshuka kutoka vilimani kwenda baharini: Mlalakuwa, Mbezi, Tegeta. Malori yaliushuka mito hiyo mwaka baada ya mwaka. Sasa mchanga wa mto hauko pale bure. Mvua huuchukua mpaka baharini, na bahari, inayokula ufuko kila siku, huurudishia ufuko kwa mchanga huo. Ulipochotwa njiani kwenda kuwa kuta za Mbezi na Sinza, bahari iliendelea kula bila ya kurudisha. Ufuko wa Kunduchi ukarudi nyuma. Hoteli ya Africana, iliyokuwa fahari ya pwani ile, iliharibiwa na mmomonyoko huo ikaachwa. Wenye hoteli nyingine wakajenga vikuta vya mawe vya kuingia baharini ili kuzuia mchanga, na vikuta hivyo huulinda ufuko wa aliyejenga na kumpunguzia jirani yake wa upande wa pili. Jina la Africana lingali hai katika kituo cha basi barabarani. Kijana anayeshuka hapo hajui kwamba ametaja jengo, na kwamba jengo hilo liliangushwa kwa sehemu na mchanga ulio katika kuta za nyumba anayokwenda kulala.

Kisa cha maji kina kejeli nyingine. Mto Ruvu ndio kisima cha Dar es Salaam. Mtambo wa Ruvu Juu ulijengwa mwaka 1959, na wa Ruvu Chini, ulio katika wilaya ya Bagamoyo, ulianza mwaka 1976. Bomba kuu la Ruvu Chini liliteremka kusini kwa kuifuata barabara ya Bagamoyo, likapita Bunju, Boko na Tegeta kwenda kujaza matangi ya mjini. Bomba hupita mahali bila ya kupanyweshea. Lilitandazwa kwa ajili ya mji ulioko mbele, siyo kwa vijiji vilivyoko njiani, na vijiji hivyo vilipogeuka kuwa mji, wakazi wake walijikuta wanaishi juu ya maji wasiyoyapata. Wenye uwezo walichimba visima virefu, na karibu na bahari wakapata maji ya chumvi. Wengine walinunua kwa maboza. Wasio na uwezo walinunua kwa madumu, na anayenunua kwa dumu ndiye hulipa bei kubwa kuliko wote. Mwaka 2003 huduma ya maji ilikabidhiwa kampuni ya City Water, na mwaka 2005 serikali ikauvunja mkataba huo. Baadaye, kwa msaada wa Marekani, mtambo wa Ruvu Chini ulipanuliwa kutoka lita milioni 180 kwa siku hivi hadi milioni 270, likawekwa na bomba jipya. Tangu hapo mabomba madogo yameanza kuingia mitaani Tegeta na Bunju, watu wakiwa wamekwisha kukaa huko miaka ishirini.

Huo ndio mpango wa mambo katika mji huu, na umepinduliwa. Kitabu cha mipango husema: pima, chora njia, leta maji, leta umeme, kisha ruhusu watu wajenge. Sisi hujenga, tukahamia, tukachimba choo, tukavuta umeme kwa nguzo za kuchangiana, tukaomba maji, na mwisho kabisa tukatafuta mahali pa kupitisha njia kati ya kuta zilizokwisha simama. Inakadiriwa kwamba robo tatu au zaidi ya wakazi wa Dar es Salaam wanaishi katika makazi yasiyopangwa. Serikali ilijaribu kulitangulia jambo hili kwa mradi wa viwanja 20,000, ulioanza mwaka 2002, ambao ulipima maeneo pande nyingi za mji, na kwa upande wa kaskazini ukagusa Bunju na Mbweni. Viwanja hivyo vina njia zilizonyoka, na mtu akivitazama kutoka juu huvitambua mara moja. Lakini pembeni mwa kila mstari ulionyoka kuna mashamba yaliyokatwa katwa na wenyewe kwa ajili ya wale ambao hawakupata, na huko njia hupinda kama ilivyopinda miguu ya aliyeuza. Mabonde nayo yalijengwa, kwa kuwa bonde lilikuwa rahisi kununua. Masika ya nguvu yanapokuja, Boko na Tegeta hukumbushwa kwamba maji yalikuwa na njia yao kabla ya watu.

Barabara ilipopanuliwa kwa msaada wa Japani kutoka Mwenge hadi Tegeta, kazi iliyomalizika mwaka 2014, mwendo uliongezeka badala ya kupungua. Walioshindwa Tegeta walitazama Bunju; walioshindwa Bunju walivuka mto Mpiji. Mto huo ni mpaka wa mkoa wa Dar es Salaam na mkoa wa Pwani, na sensa mbili za mwisho zimeandika vizuri sana kilichotokea pale. Kati ya mwaka 2012 na 2022 mkoa wa Dar es Salaam uliongezeka kutoka watu 4,364,541 hadi 5,383,728, yaani karibu robo. Katika miaka hiyo hiyo mkoa wa Pwani uliongezeka kutoka 1,098,668 hadi 2,024,947, yaani karibu mara mbili. Aliyesoma tarakimu ya kwanza peke yake angesema mji umeanza kupumua. Haukupumua, umeukanyaga mpaka. Si wote walioongezeka Pwani ni watu wa Dar es Salaam waliohama, kwani Kibaha na Mkuranga vina viwanda vinavyovuta watu kwa nguvu yao wenyewe, lakini aliyepita Mapinga na Kerege alfajiri akaona mabasi yanavyojaa kuelekea kusini hana haja ya kuambiwa.

Nyumba zinazojengwa huko hazifanani na nyumba ya Kiswahili. Ile ya Kariakoo na Magomeni ilikuwa na ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani nyuma kwa ajili ya kupika na kufua, na baraza mbele. Ilikuwa nyumba na biashara kwa pamoja: mwenyewe alikaa vyumba viwili na kupangisha vinne, na mjane aliyeachiwa nyumba ya namna hiyo hakulala njaa. Ilichukua watu wengi katika kiwanja kidogo. Nyumba ya njia ya Bagamoyo imekaa katikati ya kiwanja chake, imezungukwa na ukuta, na ukuta una geti. Baraza haipo, au imehamia ndani ya ukuta ambako hapiti mtu. Nadhani badiliko hili ni kubwa kuliko la barabara. Nyumba ya familia moja hutandaza mji ukawa mpana na mwembamba, na kila mita ya upana wake ni bomba, waya na nauli. Twajenga mji wa ghali kwa mikono ya watu wenye kipato kidogo, na mzigo huo hauonekani kwa sababu kila mtu ameubeba kipande chake mwenyewe, katika dumu la maji na saa tatu za basi. Mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza katika barabara ya Morogoro mwaka 2016, yamepangiwa kufika Tegeta. Yakifika yatasaidia. Lakini basi la haraka kwenda mahali penye nyumba chache kwa kila ekari hujaza viti vyake kwa shida.

Bagamoyo yenyewe imekuwa ikisubiri kurudishiwa ukubwa wake kwa njia nyingine. Mwaka 2013 mapatano yalifanywa na Wachina ya kujenga bandari kubwa upande wa Mbegani, na Oman ikaingia baadaye. Jiwe la msingi likawekwa Oktoba 2015. Mwaka 2019 Rais Magufuli akayakataa masharti yake hadharani, na mwaka 2021 serikali ikasema kwamba mazungumzo yataanza tena. Bandari iliyoangusha mji mwaka 1891 ikatazamiwa kuuinua. Wakati hayo yakisubiriwa, wingi wa watu ulikuwa ukija kwa mguu wake wenyewe kutoka kusini, bila ya mkataba wala jiwe la msingi. Watu wa Zinga na Kerege hawajauza bado yote waliyo nayo, na sheria ya sasa imo upande wao zaidi kuliko ilivyokuwa kwa watu wa Mbezi. Ramani za vijiji bado zaweza kuchorwa kabla ya kuta, na mabonde ya maji yakaachwa wazi. Bomba la Ruvu linapita nchi yao. Ukivuka daraja la Mpiji leo huoni tofauti ya ng'ambo na ng'ambo: nguzo za umeme zimevuka, madalali wamevuka, malori ya mchanga yamevuka. Wapangaji wa mji tu ndio ambao ramani yao yaishia mtoni.